Mchanga wa Mlangoni kwa Adero

Nzilani alipohamia Kambi Muru, Kibera, kutoka Kitui, aliyemkaribisha alikuwa Adero. Vyumba vyao vilitenganishwa na bati moja tu, na bati lile halikuwahi kuficha jambo. Nzilani akikohoa usiku, Adero alimuuliza asubuhi kama amekunywa dawa. Adero akigombana na mumewe, Nzilani alipandisha redio ili asisikie. Mume wa Nzilani alipofariki, Adero alilala naye sakafuni mpaka jamaa wakafika kuuchukua mwili. Na uchungu ulipomshika Adero siku ya mvua, njia zote zimegeuka tope, Nzilani ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Mtoto huyo aliitwa Jael.

Ouma, mume wa Adero, alikuwa fundi. Alinunua betri mbovu za magari, akazipasua, akayeyusha madini yaliyomo ndani kwenye sufuria nzito, katika banda dogo hapo mlangoni, kisha akayamimina katika vishimo alivyochimba mchangani. Yakipoa yalikuwa vizito vya kufunga kwenye nyavu, na wavuvi wa kwao ziwani walivingoja. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa maneno. Jael akitoka shule alikaa karibu naye akimwimbia nyimbo za kanisani, huku akipanga vizito vile kwa mstari kama ng'ombe wanaoelekea zizini.

Nzilani naye alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alijua nani ana kifua kikuu na nani amekosa kliniki, na siri za watu alizimeza kama maji. Kwa hiyo taasisi moja ya utafiti wa molekuli na mazingira ilipotaka mtu wa kuwapitisha Kibera, ilielekezwa kwake. Mkuu wa kundi lao alikuwa Daktari Phanuel, mwanamume mpole aliyepiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Walitaka kujua udongo wa mtaa una sumu gani, imeingiaje katika miili ya watoto, na kwa nini mwili mmoja huishika kuliko mwingine. Wangechukua udongo, tone la damu kidoleni, na mate.

Akina mama waliogopa. "Damu ya watoto wetu inaenda wapi?" waliuliza. Adero ndiye aliyewanyamazisha. Alimsukuma Jael mbele ya watu wote, akamwonyesha Nzilani kwa kidole, akasema, "Mama Kavoi hawezi kuniletea mtu mbaya. Anzeni na wangu."

Baada yake wengine walijipanga.

Wakati huo Jael alikuwa ameanza kurudi nyuma. Herufi alizozijua mwaka uliopita zilimponyoka. Tumbo lilimuuma bila kuhara. Mwalimu alimwita mvivu, na Ouma, aliyetaka binti yake asome kuliko alivyosoma yeye, alimchapa mara mbili kwa ajili ya daftari tupu. Nzilani alisikia kile kilio kupitia kwenye bati. Mara hizo mbili hakupandisha redio. Alikaa tu akisikiliza.

Majibu yalipotoka, Phanuel alimwita Nzilani katika jengo lao na kumwambia kwamba mtoto mmoja ana sumu nyingi kupita wote, na lazima familia iambiwe upesi. Hakutaja jina. Nzilani alijua. Aliomba atangulie peke yake, azungumze na mama wa mtoto kwanza. Phanuel akatikisa kichwa, akasema sheria za utafiti haziruhusu; majibu hutolewa na daktari, wazazi wote wawili wakiwepo. Nzilani hakubisha.

Walienda kesho yake mchana. Ouma alifuta mikono kwa kitambaa, akawapa wageni viti.

"Damu ya Jael iko na risasi," Phanuel alisema.

Adero alimtazama kama mtu anayedhihakiwa. "Risasi gani? Ya bunduki?"

"Ni madini hayohayo, mama. Lakini hii inatoka kwa betri. Moshi wake, na vumbi yake hapa chini. Mtoto anashika mchanga, anatia mkono mdomoni."

Nje kuku alikuwa akiparua palepale kwenye vishimo vya Ouma.

"Iko na dawa?" Ouma aliuliza hatimaye.

"Iko hospitalini ya kuitoa damuni. Lakini ile imeshafanya kichwani..." Phanuel alikunja karatasi ya majibu. "Hatuwezi kuahidi itarudi yote. Kitu cha kwanza ni mtoto atoke hapa."

Ouma alisema polepole, "Nimekuwa nikimchapa."

Hakulia. Alitoka nje, akaibeba ile sufuria, akasimama nayo katikati ya njia bila kujua pa kuiweka.

Taasisi ilikuwa imeahidi siri, na kwa mdomo haikuitoa. Lakini wiki iliyofuata vijana wao walikuja wakiwa na ovaroli nyeupe na vitambaa vya kufunika pua, wakachota udongo mbele ya mlango wa Adero na kuuzungushia utepe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na jibu lake. Ouma anaua watoto. Mtoto wa fulani aliyekufa mwaka juzi, si alikuwa akichezea pale? Walivunja banda lake, wakamsukuma, mtu akampasua mdomo kwa ubao. Nzilani alijitupa katikati akipiga kelele kwamba yule mwingine alikufa kwa nimonia, alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Walimsikia, ila hawakumsikiliza. Mwenye nyumba akawapa akina Ouma notisi.

Jael alilazwa kwa muda, akapata dawa, akatoka. Daktari wa hospitali naye alisema asirudi Kambi Muru, kwa hiyo wakaamua kwenda ocha, kijijini ziwani kwa mama yake Ouma. Asubuhi ya kuondoka, Nzilani alipeleka uji kwenye chupa. Adero alikuwa akifunga godoro kwa kamba.

"Mama Jael," Nzilani alisema.

Adero alikaza fundo. "Ulijua kabla yao kuja?"

"Nilijua."

"Tumekaa hapa miaka yote hiyo. Usiku mmoja tu ungegonga hii mabati."

"Walinikataza."

"Najua walikukataza," Adero alisema, wala hakukuwa na hasira katika sauti yake. Aliichukua ile chupa kwa sababu ya mtoto, akageuka.

Nzilani aliendelea na kazi ya taasisi mpaka siku ya kutoa ripoti. Walikutana katika ukumbi wa hoteli, na ukutani wakaonyesha ramani ya Kibera ikiwa na vitone, vya kijani, vya manjano, na kimoja chekundu. Mzungumzaji alisema kutokana na kitone kile serikali imekubali kuchunguza viwanda vyote vya namna hiyo, na watoto wengi wataokolewa. Lilikuwa jambo la kweli, na jema. Watu walipiga makofi. Nzilani alijaribu kupiga naye, mikono ikamkatalia. Kesho yake alimwambia Phanuel anaacha. Phanuel alimwomba radhi, akashindwa kusema ni kwa kosa gani.

Kambi Muru pia ilimshinda. Chumba cha pili kilipata wapangaji wapya, wanandoa vijana waliocheka sana, na kila wakicheka alihisi wanaketi mahali pa mtu. Akahamia Gatina, Kawangware, akafungua kibanda cha chakula chini ya ghorofa la kupanga, akipika chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Siku moja alinyanyua macho kutoka kwenye sufuria, akamwona Adero amesimama mlangoni, amekonda, beseni la nguo chini ya kwapa. Alikuwa amerudi mjini kufulia watu.

"Niaje, Mama Kavoi."

"Salama. Keti."

Nzilani alimpakulia. Adero alikula taratibu, kisha akajibu mambo ambayo hayakuwa yameulizwa. Jael yuko darasa la pili tena, na wenzake wamempita. Anacheka, anachota maji, anaimba, lakini ukimtuma vitu viwili anarudi na kimoja. Ouma hagusi moto. Hata jiko la kupikia hawashi. Anakaa ufuoni akiangalia wavuvi, na wakimuuliza kuhusu vizito anaondoka.

"Ulinikasirikia," Nzilani alisema.

"Sikukukasirikia. Nilikuwa sitaki kukuona. Hizo ni vitu mbili." Adero alifuta sahani kwa kidole. "Nikikuona, naona siku ile amezaliwa. Alilia haraka, akiwa mzima. Wewe ndio ulimwona hivyo, wewe na mimi tu."

Nzilani alitaka kumshika mkono. Adero alikuwa tayari ameinuka, ameokota beseni lake.

"Utapita tena?"

"Nikipata kazi upande huu."

Nzilani alisimama kibandani akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona ya kanisa. Tangu hapo hajapita. Wateja waliomzoea Nzilani wanasema kuna sahani moja ya muthokoi ambayo huiacha imefunikwa mpaka saa ya kufunga, halafu huila mwenyewe, ikiwa imepoa.