Chembe za mume wangu bado ziko hai maabara, mama mkwe anataka tukazizike

Admin, nifichie jina. Andika Mbagala tu, mtaa acha, maana mawifi zangu wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na nne, mjane wa miezi mitano, nina binti mmoja wa miaka tisa, nitamwita Upendo. Mume wangu alikuwa na ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Akijigonga kidogo kwenye kona ya meza, kesho yake pana alama nyeusi. Kidole gumba chake alikuwa anakirudisha nyuma mpaka kinagusa mkono, Upendo anacheka hadi anakaa chini. Sikujua kwamba tulichokuwa tunakicheka ndicho ugonjwa wenyewe.

Mwaka jana daktari alitueleza kuwa ni wa kurithi: kile kinachoshikanisha ngozi, viungo na mishipa ya damu ni dhaifu tangu kuzaliwa. Watafiti wakamkata kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya dengu, wakazikuza chembe zake maabara. Walisema kila chembe inabeba maagizo ya urithi, na wao wanapima yapi yanafanya kazi na yapi yamenyamaza, ndipo wajue kosa liko wapi. Kabla majibu hayajatoka, mshipa mkubwa ukapasuka tumboni. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Kosa langu nililifanya msibani. Mama mkwe alikuwa hali, halali. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa nia ya kumfariji, "Mama, hajaondoka wote. Chembe za ngozi yake bado ziko hai hospitali."

Akaacha kulia. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimemzika nusu?"

Tangu siku hiyo hajavua nguo nyeusi, na amekataa tanga lianuliwe. Wiki iliyopita ametoka Njombe kunifuata. Anataka nisaini chembe zile zitolewe, akazizike miguuni pa kaburi. Watafiti wamesema uamuzi ni wangu, wananisubiri Ijumaa. Lakini wanataka pia kupima ngozi ya Upendo, na bila za baba yake hawatakuwa na cha kulinganishia.

Juzi Upendo alikuwa anamsuka bibi yake. Akavuta uzi, kidole gumba kikarudi nyuma kabisa. Mama mkwe akakishika, akakitazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mama Upendo, usinichagulishe kati ya mwanangu na mjukuu wangu." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nikiamka asubuhi, kinachoniinua kitandani ni kujua kuna sehemu mume wangu bado yu hai. Naogopa nitakataa kusaini kwa ajili yangu, halafu nimsingizie mtoto.

Ndugu zangu, hasa mliowahi kuzika, nishaurini kabla ya Ijumaa. Nimwambie nini mama huyu?