Kofia ya Delia Chini ya Helmeti

Delia Huenchupán hakuwahi kuuficha wivu wake. Wanawake wengine hapa Paso Ñires, mji wetu wa milimani Argentina, huufunika kwa tabasamu, wakaenda kuulilia jikoni. Yeye aliuvaa wazi kama aproni. Mimi ni binamu yake, nakodisha skii za kutelezea thelujini na viatu vyake pale chini ya mlima, ukuta mmoja na kibanda chake, kwa hiyo miaka yote hii kelele zake zilinifikia mimi kwanza. Wala sikumlaumu. Ukiwa na mume anayechekewa na kila mtu, utalala na jicho moja.

Alizaliwa huko juu kwenye malisho, mtoto wa mfuga mbuzi, akashuka mjini msichana mkavu mwenye vidole vya haraka. Sufu alisokota mwenyewe, akaipaka rangi kwa mizizi na maganda ya vitunguu, akafuma kofia na kuziuza. Watalii wa Buenos Aires walizinunua, wakazivaa siku mbili, wakazisahau kwenye mabasi. Hilo halikumuuma. Kofia yenye maana kwake ilikuwa moja tu kila mwaka, ile ya Celestino, mumewe.

Kwetu msimu wa theluji hufungwa kwa mteremko wa mienge. Walimu wa skii, waokoaji na mafundi wa lifti hupanda na lifti ya mwisho, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, na jua likianza kuzama hushuka kwa mstari mmoja, kila mtu na mwenge wake, mji mzima umesimama chini unatazama. Kila mwanamume huvaa kofia mpya aliyofumiwa nyumbani kwa ajili ya jioni hiyo, na hakuna anayeiona mpaka mwenyewe atokeze kwenye kona ya mwisho. Hapo ndipo tunapojua nani anapendwa, nani kapewa ya mwaka jana, na nani kajinunulia dukani. Mwaka ule fundi wa lifti alipotokeza na kofia ya buluu ambayo mkewe hakuifuma, hakuna aliyeuliza kitu. Mke alihama wiki hiyo hiyo.

Celestino alikuwa mwokoaji, kazi yake kuwateremsha waliovunjika miguu. Mpole, mrefu, mcheshi, mwenye kusahau kufunga milango. Kisha akaletwa mkuu mpya wa waokoaji, Ivana Brizuela kutoka Mendoza, hajaolewa, mabega mapana, anashuka mlima kana kwamba anashuka ngazi za kwao. Wanaume walimsifia kwa wake zao, wajinga wale.

Delia alianza kuhesabu dalili. Ya kwanza ilikuwa yerba, ile chai yetu ya kunyonya kwa mrija. Maisha yao yote waliinywa tamu. Asubuhi moja Celestino akasema, "Leo usitie sukari, mama."

Delia akashusha birika. "Tangu lini?"

"Nimezoea tu. Kule kibanda cha waokoaji wanakunywa kavu."

"Wanakunywa akina nani?"

"Wote."

"Wote wana jina, mzee. Linaanza na herufi gani, I?"

Celestino akacheka, akatoka, akaacha mlango wazi. Delia akaja dukani kwangu hata aproni hajavua.

"Zulema, mrija ni mmoja! Ananyonya yule, anampa huyu, ananyonya huyu, anamrudishia yule. Kutwa nzima midomo inapishana!"

"Dada, hata wewe na padre mlinyonya mrija mmoja siku ya mtakatifu."

"Padre hana makalio yale."

Padre wetu kweli hana.

Mwezi wa saba kiti cha lifti kilimpiga Celestino kisogoni. Si sana, lakini damu ilijaa kwenye kofia aliyokuwa amevaa. Delia aliifua kwa maji baridi huku akilia. Siku chache baadaye Ivana alirudi kutoka likizo na helmeti nyekundu, mpya, akamvalisha Celestino pale pale mbele ya duka langu, watu wakipita. Aliishusha mpaka juu kidogo ya nyusi, akaitikisa kulia na kushoto, akainama kumfungia kamba chini ya kidevu. Celestino alitulia kama mtoto anayenyolewa. Delia alikuwa mlangoni mwa kibanda chake na sindano za kufumia mkononi.

"Umeona vidole?" akaniuliza.

"Nimeona anamfunga kamba."

"Mimi kidevu kile nimekinyoa alipokuwa na homa ya mapafu. Mimi! Leo kinashikwa hadharani."

Nasema ukweli, hata mimi vidole vile havikunipendeza. Lakini helmeti ilikuwa nzuri, na mimi huona vichwa vingi. Ilimkaa sawasawa.

Tangu siku hiyo Celestino hakuivua kazini. Akiifikisha nyumbani, Delia hakuruhusu iingie ndani. Ililala kwenye ukumbi wa nje, na paka. Huku ndani yeye akafuma. Aliniapia kwamba ya mwaka huu itakuwa kofia ambayo Paso Ñires haijaiona: ya njano na nyeusi, sufu ya kondoo aliyoisokota mwenyewe, imefumwa mara mbili, na masikio marefu ya kufunika mashavu. "Wakamwone," alisema. "Yule naye akamwone."

Ndipo uongozi wa mlima ukatangaza kwamba mwaka huu hakuna atakayeshuka na mwenge bila helmeti. Ungesikia wake walivyochachamaa! Kofia zimekwisha fumwa, ziende wapi? Mwishowe wakakubaliana waume wafunge kofia mkononi, juu ya kiwiko, ili zionekane. Mtu mzima akilazimishwa hupata njia.

Delia hakutaka njia hiyo.

"Kofia ni ya kichwa," alimwambia Celestino, nami nipo mezani kwao nakula. "Mkono una masikio?"

"Mama, ni jioni moja tu."

"Jioni moja tu ndiyo niliyonayo. Siku nyingine zote kichwa chako kimo ndani ya kitu chake. Siku hiyo mji mzima umesimama, ushuke umevaa ya kwake, yangu inaning'inia kama tambara la vyombo? Wataniangalia kama walivyomwangalia mke wa fundi."

"Basi nifanyeje?"

"Vaa zote. Ya kwake iwe juu kama paa, sijali. Lakini kinachogusa nywele zako kiwe changu."

Celestino alinitazama, mimi nikaitazama sahani.

Siku mbili kabla ya kufunga msimu alikuja dukani kuijaribu. Alivaa kofia kwanza, halafu helmeti. Lo! Ilikaa juu kama kifuniko kwenye sufuria iliyojaa mno. Paji lote nje. Kamba tuliirefusha mpaka tundu la mwisho, ikafunga kwa taabu, na nilipoisukuma kwa kidole kimoja ikarudi kisogoni.

"Shemeji, hii siyo helmeti tena, ni pambo," nikamwambia. "Vua kofia, ifunge mkononi kama wenzako."

"Nikiivua nitalala wapi? Na paka?"

"Sicheki, Celestino."

"Zulema, ni mteremko laini wa wazee na watalii. Tunashuka polepole kama maandamano ya Bikira Maria. Acha afurahi."

Nilimfuata Delia ng'ambo ya ukuta. Nikamwambia sufu ile ni nene, helmeti haimshiki.

"Anamshika yule aliyempa," akanijibu bila kuinua macho.

"Nakuambia habari za kichwa cha mumeo."

"Na mimi nakujibu habari hizo hizo. Au na wewe ameshakununulia kitu?"

Nilibamiza mlango wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikajisemea, na nilimaanisha la kwake yeye Delia.

Jioni ya mteremko watu walijaa, mafuta ya kukaangia maandazi yananukia, watoto wamebebwa mabegani. Mienge ikaanza kuonekana juu, ikikata mlima kwa zigizaga. Wa kwanza alikuwa Ivana. Wengine wakatokeza kwenye kona mmoja mmoja, kofia zimefungwa mikononi, na wanawake wakaanza kupiga kelele za kutaja majina. Kisha Celestino. Masikio marefu ya njano na nyeusi yanapepea mashavuni, chini ya wekundu ule.

"Delia kashinda!" akapiga kelele mwuza maandazi.

Delia alisimama ameinua kidevu, uso umewiva kwa raha, akageuza macho kumtafuta Ivana aliyekwisha kufika chini, aone kama ameona. Kwa hiyo hakuona kilichotokea. Mimi nilikiona. Mwalimu mmoja mbele ya Celestino alijikwaa akaketi, Celestino akakata kushoto asimkanyage, skii zikaingia kwenye barafu iliyokwanguliwa na watu kutwa, zikamkimbia. Alianguka chali. Helmeti ikachomoka kwa pigo la kwanza. Pigo la pili lilikuwa la kichwa.

Helmeti ilibingirika peke yake mteremko wote, ikafika miguuni petu kabla yake. Kofia ilibaki kichwani.

Delia alikimbia kupanda theluji na viatu vya nyumbani na shali. Ivana alifika kwanza, akampigia magoti Celestino, akamshika shingo isitikisike, akatoa amri huku na huku. Walipomlaza kwenye machela aliinuka, akamwona Delia anavyotetemeka, akavua jaketi lake jekundu la waokoaji, akamvika. Delia hata hakujua amevikwa.

Katika zahanati daktari alisema fuvu ni zima, ubongo umetikisika. Ataishi. Kwa saa kadhaa atasahau kila anachosema na kukirudia, tusimchoke. Delia aliketi kando ya kitanda, mimi nikabaki mlangoni. Ivana alikuwa kwenye benchi la ukumbini na fulana nyepesi, helmeti mapajani.

Celestino akafumbua macho. Akalitazama lile jaketi jekundu, akalitazama muda mrefu.

"Ivana," akasema.

Niliona mgongo wa Delia ukikakamaa. Nilidhani atampiga kofi mgonjwa.

"Ivana, usimwambie Delia."

Delia akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nisimwambie nini?"

"Kwamba ni kofia. Nilijua helmeti haikai, hata Zulema alinionya. Mwambie kamba ilikatika."

"Kwa nini?"

"Akijua ni kofia hatashika sindano tena. Humjui yule. Atakaa jikoni anaitazama mikono yake mpaka afe." Akameza mate, akafumba macho kwa maumivu. "Sema helmeti yako ilikuwa mbovu. Atakutukana, najua. Samahani. Wewe utavumilia, yeye hataweza. Niahidi."

"Naahidi," akasema Delia.

Celestino akatulia. Sikupata muda wa kufuta machozi, akafumbua macho tena, akaliona jaketi. "Ivana," akasema, kwa upole ule ule, "usimwambie Delia." Akaanza upya. Delia aliahidi tena. Mara ya tatu aliahidi, akatoka, akasimama ukumbini ameuma midomo.

Ivana alikuwa anavuta kamba ya helmeti huku na huku. "Sielewi, bibi," akasema. "Kamba ni nzima, kifungo kizima. Labda nilimnunulia kubwa mno. Kosa ni langu."

Delia alimtazama. Nilimjua, nilijua anavyopenda kusikia maneno hayo kutoka kwenye kinywa kile. Angeweza kunyamaza tu.

"Si kubwa," akasema. "Ni kofia yangu iliyoiinua. Alijua, akaivaa."

"Amekuambia mwenyewe?"

"Mimi hajaniambia. Amekuambia wewe."

Ivana hakuelewa. Mimi nilielewa, nikamshika Delia mkono. "Dada, aliyekuwa pale kitini ni wewe. Maneno yote yalikuwa kwa ajili yako."

"Sauti haikuwa yangu," akasema, machozi yakamshuka. "Miaka yote hii, Zulema. Mimi hunichekesha akatoka. Sauti ile hajawahi kunipa hata siku moja."

Kutoka ndani Celestino akaita, "Ivana!"

Ivana akainuka nusu. Delia akamkandamiza bega, akamkalisha.

"Kaa," akamwambia. "Ananiita mimi."

Akafunga zipu ya lile jaketi jekundu mpaka kidevuni, akaingia.