Gaudensia wa Ntalikwa, Aliyevaa Vazi la Wayahudi

Jumanne ya Wiki Kuu, mwaka 1996, Gaudensia Bernardo alikuwa amepiga magoti mkekani, akikata joho la askari wa Kirumi kutoka shuka jekundu. Martha, mke wa Fikiri, aliingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mume wangu amekataa kuigiza. Anasema mkitupiga Ijumaa kama Wayahudi wenu, Jumapili tutakulaje Pasaka pamoja? Tunarudi Kaliua."

Mchezo wa Mateso ya Bwana katika kigango chao cha Ntalikwa ulikuwa na desturi yake. Vijana wenyeji waligombea kuwa Warumi, kwa ajili ya mikuki na kofia za bati. Nafasi za Wayahudi waliachiwa wahamiaji waliokuja kutafuta mashamba, na waumini waliwatupia magunzi ya mahindi njia nzima huku wakicheka. Mwaka uliotangulia, katikati ya magunzi, mtu alirusha jiwe, na Fikiri akapasuka juu ya jicho. Aliyempangia nafasi ile ni Gaudensia mwenyewe, katekista wao. Aliweka mkasi chini, asiushike tena siku ile.

Alizaliwa Sikonge mwaka 1956, binti wa mrina asali aliyemfundisha kuusogelea mzinga bila pupa. Aliishia darasa la saba. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini, katekista wa Ntalikwa alifariki, na padre mzee akamwomba ashike nafasi ile, akamwachia na sanduku la vitabu vya historia. Alivisoma polepole, akirudia ukurasa mpaka aelewe. Humo alijifunza kwamba Warumi waliishika Yudea kabla Bwana hajazaliwa, wakatoza kodi, wakawaweka na kuwaondoa makuhani wakuu, hata mavazi matakatifu ya kuhani wakayafungia ngomeni chini ya ulinzi wa askari. Alijua pia kwamba msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, na Wayahudi wengi walitundikwa juu yake. Hayo aliyajua miaka mingi, lakini hakuwahi kuyafikisha kwenye mchezo.

Siku iliyofuata aliiomba halmashauri ya kigango ikomeshe magunzi. Mwenyekiti, mzee Adriano, alimcheka.

"Mama, leo umekuwa wakili wa waliomuua Bwana?"

"Baba, babu yako si alikuwa jumbe wa Wajerumani?"

"Alikuwa. Unataka kurithi kiti?"

"Boma lilipotaka watu wa kunyonga, nani aliwataja?"

"Aliwataja yeye. Angefanyaje? Wangechoma kijiji kizima."

"Na yupo anayesema sisi Wanyamwezi ndio tuliowanyonga?"

Halmashauri ilimsimamisha ukatekista, na mchezo ukapangwa uendelee kama zamani.

Ijumaa Kuu, maandamano yalipoanza katika njia ya zamani ya misafara, ambako wapagazi na mateka walipitishwa kwenda pwani, Gaudensia alitokea amevaa vazi la Kiyahudi alilokuwa akilivaa Fikiri. Gunzi la kwanza lilimpata begani. Aliyelirusha ni mama ambaye Gaudensia mwenyewe alimwandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Hakufunika uso. Kwenye kituo cha nne, Bwana anapokutana na mama yake, aligeuka, akamwonyesha kijana aliyeigiza Bwana, akasema, "Huyu ni Myahudi. Na mama yake ni Myahudi. Rusheni mkijua hivyo." Si wote walioacha. Lakini Fikiri alitoka pembeni akaja kutembea kando yake, na baada ya vituo viwili mzee Adriano akaja upande wa pili, kapu lake la magunzi amelimwaga chini. Martha alifungua mizigo. Siku ya Pasaka walikula sahani moja na wenyeji.

Gaudensia alifagia kanisa miaka miwili kabla ya kurudishiwa kazi, wala hakunung'unika. Batuli, jirani yake Mwislamu, anasema homa ya mwanawe ilishuka Gaudensia alipomshika kichwa na kumwombea. Hatutangulii hukumu ya Kanisa, tunaandika tulichoambiwa.

Mwezi wa Machi 2021, akiwa dhaifu, aliwasimulia wakatekumeni, waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, jinsi Warumi walivyoliteketeza Hekalu, na jinsi, baada ya vita vingine, Wayahudi walivyokatazwa kuingia Yerusalemu. Baadaye wakaruhusiwa siku moja tu kwa mwaka, kuja kulia. Binti mmoja, Josepha, akauliza, "Bila Hekalu walisali wapi, mwalimu?"

"Hapo ndipo penye utamu, usinikimbize," alisema akitabasamu. "Pumzi imekata. Njooni kesho."

Alfajiri alikuwa amelala katika Bwana.

Anayetaka kumfuata Gaudensia asitafute jambo kubwa. Ajifunze habari za watu kabla ya kuwahukumu, na kosa alilolipanga kwa mikono yake akalisimamie kwa mwili wake. Fikiri ndiye katekista sasa. Kila Kwaresima hulifundisha somo lile, na karibu kila mara jua humchwea Hekalu likiwa bado linaungua. Hapo huwaruhusu wanafunzi waende nyumbani, akiwaomba warudi kesho, waone watu wale walivyoendelea kusali.