Muhula wa Safari wa Mwalimu Tully

Merrin Tully alifundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka ishirini na sita katika shule yetu ya Burrangal, mji wa machungwa na machinjio huku New South Wales, Australia. Mimi nilikuwa mtunza shule: nikikata nyasi, nikiziba mabomba, nikishusha mipira iliyokwama juu ya paa. Mlango wa stoo yangu ulitazamana na mlango wa darasa lake. Mengi ninayosimulia niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza tukinywa chai mapumziko ya saa tano.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyekulia kumwita mbwa aliye upande wa pili wa shamba. Kwao walifuga kondoo na kulima ngano. Alipotimiza miaka ishirini na mbili aliamua kwenda kuitazama dunia, na begi likafungwa kabisa. Wiki mbili kabla ya safari baba yake akapooza upande mmoja. Mama alishafariki, na kaka yake alikuwa ameshahamia mbali. Merrin alifungua begi, akarudisha nguo kabatini, akamuuguza mzee miaka kumi na moja. Ualimu aliusomea kwa posta, vitabu vikiwa mezani kando ya bakuli la uji wa baba yake. Mzee alipozikwa ndipo akaja kwetu.

Sasa, muhula wa tatu wa kila mwaka, ule wa baridi, darasa lake lilizunguka dunia. Wiki kumi, nchi kumi. Viti vilipangwa viwili viwili kama ndani ya ndege, na kila mtoto alikuwa na pasipoti ya kadi ya buluu yenye picha yake aliyojichora. Mihuri alichonga mwenyewe kwa viazi. Jumatatu asubuhi ungemsikia hadi kwenye bwawa la kuogelea: "Abiria, fungeni mikanda! Rubani ni mimi, na sipendi anayetafuna ubani!" Wiki hiyo hesabu zingekuwa za hela za Japani, kusoma kungekuwa kwa Japani, na michezo ya Japani. Wazazi waliosoma kwake walikuwa bado wamehifadhi zile pasipoti kwenye droo.

Kwa hiyo mwaka ule alioletwa Masuma, hakuna aliyetarajia muhula wa safari uharibike.

Masuma alikuwa na miaka tisa. Familia yao ni Wahazara kutoka Afghanistan. Baba alitangulia, akafanya kazi machinjioni miaka mingi, mwishowe akaruhusiwa kumleta mkewe na watoto. Mama yake, Gulsum, naye alikuwa akifungasha nyama pale pale. Masuma alikuwa mtoto mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, na Kiingereza chake kilikuwa kimeshanyooka.

Wiki ya tatu walikuwa wanaruka kwenda Peru. Nilikuwa natengeneza bawaba ya dirisha lao. Watoto wote walikuwa wamekaa kwenye "ndege", pasipoti mikononi, isipokuwa Masuma. Alisimama ukutani. Pasipoti yake ilikuwa mezani, haina hata muhuri mmoja; wiki mbili za kwanza hakuitoa igongwe.

"Masuma, mpenzi, tutakuacha uwanjani," Mwalimu Tully alisema.

"Sipandi."

"Unaogopa ndege ya viti?" Fergus Dunleavy alidakia. Fergus alikuwa na mdomo usiolala. "Haina hata mabawa!"

"Fergus, kaa. Masuma, kuna nini?"

Masuma alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. "Mimi pasipoti yangu niliisubiri miaka minne. Tulikuwa Quetta, Pakistan, tunakaa chumba kimoja. Kila siku mama anasema, labda kesho. Hawa wanapewa kwa dakika tano."

Kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Mwalimu, wewe umewahi kupanda ndege ya kweli?"

Nilitamani adanganye. Mtu mwingine angesema jambo lolote akaendelea na Peru.

"Hapana," alisema Mwalimu Tully. "Hata mara moja."

"Hata Sydney?" Fergus alishangaa.

"Sydney nilikwenda kwa treni."

"Sasa sisi tumekuwa tukipelekwa na nani?"

Wenzake wakacheka, na mwalimu akacheka nao, ila masikio yalikuwa yamemwiva. Aliwaambia warudishe viti mahali pake. Siku hiyo wakafanya tahajia mpaka kengele.

Mapumziko ya chai hakuigusa chai yake. "Des," aliniambia, "miaka ishirini na mbili nawauzia watoto dunia ya kadi. Leo ameingia mmoja anayeijua, naye nilikuwa nataka kumgongea muhuri wa kiazi."

"Wanaupenda muhula huu kuliko yote. Hujafanya kosa lolote."

"Sijasema kosa. Nimesema nimefanya nusu."

Jumatatu iliyofuata aliingia na orodha. Aliwaambia watoto kwamba yeye hajafika popote, lakini mji huu umejaa watu waliofika, na kuanzia wiki hiyo watakwenda kwao kwa miguu. Kila mwenyeji atagonga muhuri wake mwenyewe, kwa chochote alicho nacho nyumbani. Mwalimu mkuu, Bwana Renshaw, alikubali kwa sharti moja: mtu mzima wa pili awepo na kibao cha kusimamisha magari. Hivyo ndivyo nilivyoingia safarini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Shangazi Glenys, kama mji mzima ulivyomwita, Mwiradjuri, wa wenyeji wa asili wa nchi yetu, kocha wa netiboli, mwanamke aliyeniita kijana ingawa nilikuwa na wajukuu. Alitufungulia akiwa na filimbi shingoni.

"Miaka yote hii mnakwenda Japani na Peru," alimwambia Merrin, "na mnapita mlangoni kwangu bila hodi. Nchi mliyosimama juu yake mliiruka?"

"Tuliiruka, Shangazi. Ndiyo maana tumeanzia hapa."

"Haya, vueni viatu. Si kwa heshima, nimepiga deki."

Alitupeleka nyuma ya nyumba, ukingoni mwa mto, akawaonyesha mahali mama yake alipozaliwa na mahali walipokatazwa kukaa baadaye. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kupanga wachezaji. Muhuri wake ulikuwa tope la mtoni: kila mtoto alichovya kidole gumba akakikandamiza kwenye ukurasa. Nilitazama mkono wa Masuma. Hakuwa na pasipoti, aliiacha shuleni. Lakini alichovya kidole, akakikandamiza kwenye kiganja chake mwenyewe.

Wiki zilizofuata tulikwenda kwa wachuma machungwa kutoka visiwa vya Tonga, ambako watoto walimenya muhogo na kufundishwa kuimba kwa sauti tatu. Kwa mfamasia wa Sri Lanka, aliyegonga muhuri kwa kitako cha kikombe cha chai. Kwa bibi wa Kiholanzi aliyewapa peremende za chumvi, nusu wakazitema kwenye maua yake. Nikauona mji wangu upya, mimi niliyezaliwa humo. Nyumba ambazo nilipita mbele yake miaka mingi sikujua hata rangi ya mapazia yake.

Si wote waliofurahi. Craig Dunleavy, baba yake Fergus, alimsubiri mwalimu getini.

"Mwanangu hajui mji mkuu wa Ufaransa, lakini anajua kumenya muhogo."

"Fergus!" Merrin aliita. "Mji mkuu wa Ufaransa?"

"Paris!"

"Anajua yote mawili," Merrin alisema.

Craig hakucheka. "Na wiki ijayo?"

"Kwa akina Masuma, mtaa wa nyuma ya machinjio."

"Wangu haendi. Siwajui wale watu."

"Craig, unafanya kazi hatua kumi kutoka kwa baba yake."

"Ndiyo nakwambia, siwajui."

"Ulikuwa na miaka minane," Merrin alisema, "ukaugua, ukakosa Japani. Ulikuja Jumatatu unalia mpaka nikakuchongea kiazi kingine peke yako. Usimnyime mwanao, Craig. Mimi kiazi cha huko sijui kukichonga."

Craig aliichukua fomu ya ruhusa, akaitia saini juu ya boneti ya gari akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hakuaga. Sitasema alibadilika, maana hata leo hajabadilika sana. Ila aliisaini.

Nyumbani kwa Masuma, Gulsum alikuwa ametandika zulia sebule nzima. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yaliyochoka, na mikono iliyopasuka kwa baridi ya vyumba vya nyama. Alituandalia mikate bapa ya kukaanga yenye viazi na majani ya kitunguu ndani, na watoto ishirini na wanne wakaifagia. Kwa mara ya kwanza katika safari zetu zogo lilimshinda hata Mwalimu Tully. Chumba kilikuwa kidogo, na Fergus alikuwa akiigiza mbuzi.

Ndipo Gulsum alipopiga makofi mawili.

Hayakuwa makofi ya nguvu. Lakini watoto wote waligeuka, wakakaa, wakafunga midomo. Niliona Merrin akigeuka pia.

Gulsum alimwinua Fergus kwa mkono. "Wewe, mlima," alisema kwa Kiingereza chake kidogo. Akamsimamisha kwenye kona ya zulia. Akainua msichana mwingine: "Wewe, mlima mkubwa." Fergus akalalamika kwa nini yeye ni mdogo. "Kua," Gulsum alimjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Akapanga lozi kuwa njia, vikombe vikawa nyumba, na karai lililofunikwa likawa shule. Kisha akazungumza kwa lugha yake, na Masuma akatafsiri.

"Mama anasema, kutoka nyumbani mpaka shuleni ni saa mbili kwa miguu. Masomo saa nne. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, utarudi saa ngapi?"

Mikono ikaruka juu. Gulsum hakuchagua hata mmoja. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya Petra, mtoto aliyeogopa hesabu kama sindano, akasubiri. Alisubiri sana. Mimi nilianza kujikuna. Petra akahesabu vidole, akakosea, Gulsum akasogeza lozi moja, Petra akahesabu tena.

"Saa nane mchana," alinong'ona.

Gulsum alimpa ile lozi ale.

Mwalimu Tully alikuwa amekaa chini kwenye zulia katikati ya watoto, miguu yake mirefu imekunjwa vibaya. Alisema, "Masuma, mama yako alikuwa mwalimu."

"Ndiyo. Miaka tisa. Darasa la tatu."

"Miezi yote hii hamkuniambia?"

Masuma alimuuliza mama yake, akapokea jibu. "Anasema, hakuna aliyeuliza."

Merrin aliinamisha kichwa, na Gulsum akamimina chai, akamsogezea.

Kwa muhuri, Gulsum alichukua kalamu, akaandika jina la kila mtoto kwa maandishi yake, kutoka kulia kwenda kushoto. Alikuwa amebakiza mmoja tu wakati Masuma alipoitoa pasipoti yake ya buluu ndani ya sweta. Sikujua aliichukua lini mezani shuleni. Mama aliandika jina la binti yake polepole kuliko yote, akalipuliza likauke.

Tulirudi mpaka tukafika kwenye reli. Merrin akasema, "Mwanamke yule anafungasha nyama, Des."

"Wengi wanafungasha nyama."

"Wengi hawawezi kumsubiri Petra."

Kesho yake aliingia ofisini kwa Bwana Renshaw, akakaa humo saa nzima. Nilisikia sauti yake ile ya kuita mbwa. Vibali na barua vilichukua miezi mitano, naye kila Ijumaa akaulizia. Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, Gulsum alianza kazi darasani kwake kama msaidizi.

Hakuishia hapo. Ili Gulsum awe mwalimu kamili alitakiwa kusoma tena na kufaulu mtihani wa Kiingereza, na vyote viwili vilifanyika mji wa mbali, mwendo wa saa moja na nusu. Miaka mitatu, kila Alhamisi baada ya shule, Merrin alimpeleka kwenye masomo kwa gari lake lililonuka mbwa, akamsubiri nje akisahihisha madaftari juu ya usukani. Njiani walizungumza Kiingereza tu, na Gulsum aliniambia alijifunza matusi yote ya wakulima kabla ya sarufi. Mtihani alianguka mara mbili, sehemu ya kusikiliza.

"Wanazungumza kama wana pamba mdomoni," alilalamika kwangu.

"Hao ni sisi," nilimwambia.

Mara ya tatu akafaulu. Merrin alilisikia jambo hilo akiwa zamu ya uwanjani, akapiga filimbi nje ya saa yake, na watoto mia moja wakaingia madarasani mapema bila sababu.

Merrin alistaafu miaka miwili iliyopita. Chumba kile sasa ni cha Bi Gulsum, na muhula wa tatu watoto bado wanatoka kwa mstari, pasipoti mfukoni, kwenda kubisha hodi mitaani. Jumatano Merrin huja kuwasikiliza wanaosoma kwa shida, mmoja mmoja, kwenye benchi la varandani. Yeye anataka dirisha liwe wazi, Gulsum anataka lifungwe, na kila wiki huwa nasikia wakibishana kulihusu mpaka kengele inalia.