Deo, programu yako imefuta sauti ya bibi

Nina hasira kweli kweli.

Leo huku kijijini Ijumbi bibi yangu amenitajia aina za ndizi kwa Kihaya, moja baada ya nyingine, na habari za kila mgomba. Saa nzima! Nilikuwa namrekodi kwa programu ya kompyuta aliyoandika kwa lugha ya Python mwenzangu Deo, ambaye yuko Bukoba.

Nikabonyeza "Hifadhi".

Likafunguka dirisha la pili, tupu. Sauti haipo.

Kumbe amri za kuanzisha programu, pamoja na ile ya kufuta rekodi za muda ambazo hazijahifadhiwa, Deo aliziacha wazi kwenye faili kuu, zikijiendesha kila faili hilo linapoitwa. Nilipobonyeza, faili jingine, lile la kuhifadhi, likaliita hilo kuu; programu ikaanza upya na kufuta kila kitu.

Na nilimwambia! Zifungie ndani ya fungu la main, halafu mwishoni uweke ule mstari wa if, ili ziendeshwe pale tu mtu anapofungua programu yenyewe. Mistari miwili tu!

Akanijibu, "Hizo mbwembwe za vitabuni."

Nimempigia sasa hivi. Eti, "Si umrekodi tena kesho?"

Jamani, huyu nimfanyeje?

Bibi ameniuliza, "Mwana wange, maneno yameingia yote?"

Nimemwambia ndiyo.