Nilichapa sikio la jeli Kibeta, nikaenda kulikuta limefungwa kichwani kwa binamu yangu Izigo

Wakuu, poleni na majukumu. Waliozoea chai, hadithi za kutunga, wapite tu, humu hamna hata majani. Haya yamenikuta mwenyewe, nimekaa nayo kifuani miezi minne, leo nayatoa kwa sababu nimechoka.

Nimesomea uhandisi wa tiba, nikarudi nyumbani Bukoba, nikapata kazi maabara ya chuo kimoja (jina nalihifadhi). Nimepanga Kibeta, vyumba viwili. Kimoja ninalala, kingine nimekigeuza karakana.

Kazi yangu ni kuprinti jeli. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Unachukua printa ya 3D, unatoa kile kichwa cha plastiki, unafunga bomba la sindano lenye jeli ya gelatini na unga unaotokana na mwani. Inatoka nyuzi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, mpaka upate umbo. Ukiliweka kwenye maji ya kalsiamu, linakaza.

Hilo umbo, wenyewe wanaliita scaffold. Ni jukwaa la muda. Kwenye maabara kubwa wanapanda seli za binadamu humo, seli zinakua zinajenga tishu, jeli inaisha taratibu. Mimi sijafika huko. Nilikuwa nahangaika tu umbo lisilale likiwa bichi. Jeli yangu haina hata seli moja, na haijawahi kuruhusiwa kumgusa mtu. Shikeni hapo.

Nilitaka umbo gumu la kujipima. Nikachagua sikio.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Izigo, wilaya ya Muleba. Ana kitalu cha miche, na kwa kubebesha parachichi mama yule hana mpinzani. Anakata shina kwa mshazari, anapachika kikonyo cha mbegu nzuri, anafunga na utepe wa nailoni, anasubiri. Watu wanatoka hadi Kamachumu kufuata miche yake.

Binti yake wa mwisho ni Kemi, ana miaka kumi na minne. Akiwa mtoto wa kutambaa alimwagikiwa uji wa moto, sikio la kushoto likaisha lote. Anasikia vizuri, ila pale pamebaki kovu na tundu. Shuleni wananyoa nywele, hana pa kujificha. Ukiongea naye anageuza uso upande, mkono uko kichwani muda wote.

Na mwaka huu alikuwa anapata kipaimara. Kusimama mbele ya usharika mzima, gauni jeupe, kichwa wazi. Mtoto alishaanza kusema hataki.

Sasa mimi bingwa, Pasaka nimeenda kuwasalimia, nikaona sikio lake la kulia lina umbo safi kabisa. Nikamwambia Kemi kaa hapo. Nikalizunguka kwa simu nikapiga picha kama themanini. Sikueleza chochote cha maana. Nilisema, "Ni za kazi tu."

Nikarudi Kibeta, nikaziunganisha kwenye kompyuta, nikageuza la kulia likawa la kushoto, maana mfano wa mtandaoni niliokuwa naiga ulikuwa wa sikio la kushoto. Nikaprinti. Mara ya sita likatoka sikio kamili, mpaka ile mikunjo ya ndani. Aisee, nilicheka peke yangu mle chumbani.

Wiki iliyofuata shangazi akaja mjini, akapita kwangu. Nikamwonyesha. Aliligeuza mkononi, akashtuka kwa Kihaya, "Mawe! Hili si la Kemi?"

Nikasema ndiyo, ni lake.

Wakuu, hapo ndipo nilipochimba shimo. Akaniuliza linafanyaje kazi. Nikaona nikianza habari za seli tutakesha, nikamwambia, "Shangazi, ni kama unavyobebesha parachichi. Jeli inawekwa, nyama inapanda humo, inashika."

Akatabasamu. "Sasa hapo nimekuelewa. Inashika kwa muda gani?"

Nikasema wiki mbili, tatu. Nilikuwa nazungumzia sahani za maabara! Yeye alikuwa anazungumzia mtoto wake.

Akaomba moja akamwonyeshe Kemi. Nikampa lile la tano, lililokuwa na kasoro kidogo, ndani ya kikopo chenye maji. Nilijisikia fundi.

Siku kumi baadaye nikapanda gari la Muleba kwenda kuwaona. Nafika, shangazi ananipokea kwa furaha mpaka nikashangaa. "Nyegera waitu, karibu daktari wangu!" Kahawa ya kutafuna mkononi, ndizi jikoni. Namuuliza Kemi yuko wapi, ananiambia amepumzika, ana joto kidogo.

Nikaingia chumbani.

Mtoto amelala upande mmoja, amefungwa kitenge kichwani. Harufu niliisikia kabla sijamfikia. Nikafungua kitenge. Chini yake utepe wa nailoni, ule ule wa kitaluni, umezungushwa kichwa chote vizuri kabisa, kazi ya mtu anayejua kufunga. Na chini ya utepe, sikio langu. Limekuwa la kijivu, limelegea, usaha unatoka pembeni.

Nilikaa chini kwenye sakafu, sidanganyi.

Nilipoanza kukata utepe shangazi akanishika mkono kwa nguvu. "Usifungue! Bado siku nne, utaliua!"

Alikuwa amekwangua lile kovu kwa wembe mpaka damu ikatoka, ili lipate pa kushika. Na msimwone mjinga. Wembe ulikuwa mpya, aliupitisha kwenye spiriti, mikono alinawa kwa sabuni. Alifanya kila kitu ambacho fundi makini angefanya. Kemi naye alitulia, hakulia, alishikilia kioo mwenyewe.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilipiga kelele, nikamtukana shangazi yangu, kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Nikaita bodaboda, tukampakia mtoto katikati, mbio hadi hospitali.

Mganga wa zamu alipoona alituangalia mmoja mmoja. "Nani amefanya hivi?"

Shangazi akafungua mdomo. Nikamwahi, nikasema ni mimi. Na sikuwa namsitiri mtu, wakuu. Ndiyo ukweli.

Alisema uchafu ulishaanza kushuka shingoni, tungengoja hizo siku nne tungekuwa tunaongea mengine. Wakasafisha. Kemi alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, na katikati ya maumivu yale akaniuliza taratibu, "Kaka, lilikuwa limeanza kushika?"

Nilitoka nje.

Alilazwa siku tisa. Alipona, ashukuriwe Mungu. Kipaimara alisimama na bandeji, na mkono aliuacha chini.

Kabla ya kutoka hospitali nilimwangukia shangazi, nikaomba msamaha. Hakufoka. Alisema, "Ulinieleza mashine, ukanieleza jeli. Jambo moja tu hukunieleza, kwamba si la kwake. Ukapima kichwa cha mwanangu, ukanyamaza. Mimi ningejuaje?"

Nilimwambia Kemi nafuta zile picha na lile faili kwenye kompyuta. Akaniuliza nimeliandikaje jina. Nikamwambia ukweli: "Jaribio la sita." Akafikiri kidogo. "Usifute. Andika Kemi."

Nimeandika. Na sasa kila ninapoliprinti namweleza kwanza ni la nini, hata kama ni jaribio la kijinga. Juzi aliniambia hapana, na siku hiyo sikuprinti.

Nilichojifunza, kwa gharama ya shingo ya mtoto wa watu: ukichukua chochote cha mtu kwa ajili ya utafiti wako, hata picha, anza na kumwambia kile ambacho HATAPATA. Mifano mitamu baadaye.

Mwenye matusi ayalete, nimeyastahili. Ila mliowahi kuwaeleza watu wa nyumbani kazi ambayo bado haijawa dawa, niambieni mlitumia maneno gani. Nawasoma wote.