Fundi Aliyeishiwa Herufi

Kwamba fundi video wa mtaa wetu wa Shanwe ametutoka mlishasikia, kwa hiyo nianze na waliokuwepo msibani. Alikuwepo mjane wake. Dada mkubwa wa marehemu, wa kijijini Kakese, aliyekuja na gunia la mchele na lawama za kutosha. Shemeji yake mwenye duka, aliyeongoza dua. Dereva bajaji jirani yake, ambaye marehemu alimpigia video za harusi zote mbili. Mpwa wake msomi, aliyeshuka na treni kutoka Dar. Na mimi, ambaye si ndugu wa yeyote pale, mteja tu wa zamani. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka ya baba zao. Siyaandiki, maana wengine bado hatusalimiani.

Marehemu hakufuta kazi hata moja. Harusi, maulidi, kipaimara, vyote aliviweka kwenye diski, na diski zote zilichomekwa kwenye kompyuta moja, nyaya zimesongamana kama utumbo wa mbuzi. Sauti ya mume wangu, ambaye naye ametangulia, imebaki humo tu, akiwaaga wakwe kwenye sherehe ya binti yetu. Flashi niliyopewa niliifua pamoja na kanga. Siku moja nilimkuta fundi ameshika tama. "Bibi, herufi zimeisha." Nikamuuliza, "Zimeisha vipi, umezila?" Akaeleza kwamba kompyuta huipa kila diski herufi moja, na ikishafika Z, inayofuata hata ukiichomeka huioni. A na B nazo eti zimewekewa vitu vya zamani ambavyo hakuna tena anayevitumia. Kumbe hata humo ndani kuna viti vya mbele vya wageni rasmi wasiokuja! Nikamwambia, "Mwanangu, wajukuu na vitukuu wangu wamezipita herufi zako, na sijakosa cha kumwita hata mmoja. Zipe majina." Akacheka: "Bibi, kompyuta sio ukoo."

Wiki haikuisha, akanipigia simu. Kumbe diski si lazima iwe na herufi. Unaiingiza ndani ya folda yenye jina, kama mgeni aliyepewa chumba kwenye nyumba ya mtu, hahitaji mlango wake wa barabarani. Mjini alitangaza kwamba amegundua mwenyewe. Sikubisha, mwanaume akishagundua, mwache agundue. Folda kubwa aliiita "Kwa Bibi", nikaihesabu ndiyo ada yangu.

Sasa msibani, wanawake tulitaka chumba chake cha kompyuta tutandike majamvi, diski zote zikachomolewa, zikarundikwa kwenye beseni pamoja na miiko. Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vinagawiwa, ndipo mpwa akazichomeka tena, akatazama, akatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Zenye herufi ndizo zina vitu. Nyingine hizi ni tupu. Nazifuta, kila ndugu achukue yake." Dada wa Kakese akaunga mkono upesi, ingawa kwake hakuna kompyuta wala umeme.

"Subiri, baba," nikasema. "Fungua palipoandikwa Kwa Bibi."

"Bibi, hii ni teknolojia, sio ukili wa kusuka mkeka."

"Naona. Fungua."

Akafungua, kwa ile huruma ya msomi kwa mzee. Majina yakashuka moja baada ya jingine, kila diski na mwenyewe, na katikati jina la mume wangu. Akabonyeza. Mzee akatokea na koti lake la kuazima, akawaambia wakwe, "Sina mengi," kisha akasema yote. Mjane akalia. Mimi nikaagiza irudiwe tangu mwanzo, jambo ambalo Shanwe hawajalisahau. Mpwa akakohoa: "Mfumo wa kizamani sana huu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Ndiyo maana nimeujua."

Tunakimbilia kugawa vya marehemu kabla hatujauliza alivipanga vipi, na tusichokiona tunakiita tupu. Fundi alichelewesha kazi za watu, na kiti changu cha plastiki hakukirudisha mpaka kaburini. Lakini hakumfuta mtu. Nyie mliokuwepo, kama nimekosea nani shemeji wa nani, njooni mnisahihishe, nyumbani nipo. Na kile kiti, anayekikalia aje nacho.